Kabla ya muhuri, ulizeni data yetu ilichujwaje

Kwa: Wakuu wa Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), wenyeviti wa kamati za maadili zinazopokea maombi ya utafiti kutoka Pwani, mawaziri wa afya wa kaunti za Lamu na Kilifi.

KUH: UCHAKATAJI WA DATA KATIKA TAFITI ZA JENI NA MAGONJWA

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Amu. Ombi langu ni moja, na nalitanguliza ili mwenye haraka asihangaike kulitafuta. Mtafiti yeyote anayekuja Pwani kusaka uhusiano kati ya jeni na ugonjwa asipewe kibali kabla hajaandika ataichakata vipi data yetu. Na akimaliza, aache hapa nchini maelekezo yote aliyoipa kompyuta, hatua kwa hatua, ili mtu mwingine aanze na faili lile lile na aone kama atafika pale pale.

Mimi ni mtu wa data. Nimesafisha na kupanga mafaili ya miradi ya afya, kwanza Malindi, sasa Lamu. Maombi ya utafiti niliyopata kuyasoma hueleza kwa urefu damu itatolewa mililita ngapi, nani atashika sindano, mshiriki atarudishiwa nauli kiasi gani, na chupa zitasafirishwa kwenye baridi ya namna gani. Kisha inakuja sentensi moja: data itachambuliwa kwa mbinu za kawaida za takwimu. Hapo ndipo pa kuweka kalamu chini na kumwita mwenye ombi.

Utafiti wa aina hii huchukua watu wenye ugonjwa na wasio nao, husoma alama (mahali ambapo watu hutofautiana) laki kadhaa hadi milioni kadhaa katika vinasaba vya kila mmoja, kisha huuliza ni alama ipi imejitokeza zaidi upande wa wagonjwa. Ukipima alama milioni moja kwa kipimo kilichozoeleka cha asilimia 5, alama elfu 50 zitaonekana zina maana hata kama hakuna chochote. Ndiyo sababu watafiti walikubaliana kizingiti kikali: bahati tupu iwe na nafasi isiyozidi 5 katika milioni 100 ya kuleta tofauti kubwa kiasi hicho. Wengi wakisikia tarakimu hiyo hutulia. Mimi hainitulizi, kwa kuwa inazuia bahati peke yake. Sampuli zikipangwa vibaya maabara, kizingiti hakina habari.

Tazameni alama moja tu kwa karibu. Mashine haisomi herufi, inapima mwanga. Kila mtu anakuwa nukta kwenye grafu, na nukta hujikusanya katika mawingu matatu: wenye nakala mbili za aina ya kwanza, wenye nakala mbili za aina ya pili, na wenye moja ya kila aina. Mawingu yakiachana vizuri, hata mtoto wa shule ya msingi atasema nani ni nani. Shida ni nukta zinazoelea katikati. Programu moja huzipa jina, nyingine huziacha wazi. Na programu ile ile inaweza kubadili jibu ukiilisha sampuli mia mbili badala ya elfu mbili, maana mipaka ya mawingu huchorwa kutokana na waliomo kwenye mkupuo huo. Sasa chukulieni kwamba damu ya wagonjwa ilikaushwa kwenye karatasi wodini miaka kadhaa iliyopita, na ya wasio wagonjwa ilitolewa juzi kijijini. Nukta za wagonjwa ndizo zitakazoelea zaidi. Zikitupwa, zimetupwa upande mmoja. Tofauti itavuka kizingiti bila jasho, na itakuwa tofauti ya karatasi na chupa.

Hili si la kufikirika. Julai 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, walitangaza katika jarida la Science kwamba wamepata alama 150 za kijeni ambazo, zikisomwa kwa pamoja, zinabashiri kwa usahihi wa asilimia 77 nani atafikisha miaka 100. Magazeti ya dunia nzima yalishangilia. Wajuzi wengine wakauliza swali la fundi: hao wazee wa miaka 100 na wale waliolinganishwa nao, wote walipimwa kwa aina moja ya chipu, kile kibao kidogo cha maabara kinachosomea alama? Hawakupimwa kwa chipu moja. Sehemu ya wazee ilisomwa kwa chipu ambayo baadhi ya alama zake huzisoma vibaya, na uhakiki wa ubora haukuzinasa. Waandishi wenyewe waliiondoa makala Julai 2011, wakarudia kazi, na mwaka 2012 wakachapisha toleo lililosahihishwa katika jarida jingine. Nawapa heshima yao kwa hilo. Lakini angalieni ilivyowezekana kukamatwa: aina za chipu zilikuwa zimeandikwa, na kulikuwa na watu wenye ujuzi wa kuuliza. Utafiti wa watu wa Siyu au Kizingitini, huku visiwani Lamu, ukitoka na kasoro hiyo hiyo, nani atauliza?

Kosa linakwenda pia upande wa pili, la kweli likazikwa. Mfano ninaoupenda ni wa malaria, kwa kuwa unatugusa. Jeni ya selimundu inajulikana tangu zamani kuwa kinga. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba wanaoibeba ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja analindwa dhidi ya malaria. Hakuna uhusiano wa jeni na ugonjwa ulio wazi kuliko huu barani Afrika. Mwaka 2009 ukachapishwa utafiti mkubwa wa jenomu nzima, yaani jumla ya vinasaba vya mtu, kuhusu malaria kali nchini Gambia, watoto 2,500 katika awamu ya kwanza. Mahali pa selimundu palitoa ishara ambayo bahati tupu ilikuwa na nafasi ya 4 katika milioni 10 kuileta, kubwa kuliko inayoruhusiwa. Kwa kizingiti nilichokitaja hapo juu, selimundu ilifeli mtihani!

Sababu ni kwamba alama yenyewe haikuwa kwenye chipu, na majirani zake, ambao kwa Wazungu huwa mashahidi wazuri, kwa Waafrika hushahidia kidogo. Vinasaba vya Waafrika vimechanganywa na vizazi vingi zaidi, kwa hiyo alama zilizo karibu hazifuatani kwa uaminifu ule. Watafiti hao hao walisoma kikamilifu eneo hilo la jenomu kwa Wagambia 62, wakatumia usomaji huo kujaza mapengo ya data ya watoto wale wale. Ishara ikaruka hadi 4 katika trilioni 100, na kilele chake kikaangukia juu ya selimundu barabara. Hakuna tone jipya la damu lililochukuliwa kwa watoto hao. Kilichobadilika ni uamuzi wa mapengo yajazwe kwa kutumia nani.

Basi tuulize: mapengo ya mtu wa Lamu yanajazwa kwa kutumia nani? Hazina ya marejeo iliyotumika sana, ile ya mradi wa Jenomu 1000 uliokamilika mwaka 2015, ina watu 2,504 wa jamii 26. Kenya inawakilishwa na jamii moja, Waluhya wa Webuye. Nawaheshimu sana ndugu zetu wa Webuye, lakini Webuye na Faza ni mbali, kwa ramani na kwa nasaba.

Na nasaba yetu si siri tena. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, walio wengi kutoka makaburi ya miji ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800, zikiwemo Manda na Faza hapa kwetu. Wengi walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, iliyochanganyika na asili ya Asia, zaidi kutoka Uajemi kwa upande wa akina baba, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Baadaye ukaingia mkono wa Arabuni. Wanaojiita Waswahili leo hutofautiana sana, kila mtu na kiasi chake. Wazee wetu walikuwa wakitusimulia haya kabla ya maabara yoyote, ila hilo ni la barua nyingine.

Linalonihusu leo ni kwamba mchanganyiko huu unagongana na chujio za kawaida. Katika mradi mmoja niliofanyia kazi, mchambuzi mkuu, aliyekuwa mbali mno na bahari hii, alituma agizo la mstari mmoja: ondoa wote walio mbali na kitovu cha kundi kwa zaidi ya vipimo sita vya mtawanyo. Yaani anayetofautiana mno na wenzake kwa nasaba atolewe. Ni agizo la kawaida kabisa, programu yenyewe huja nalo tayari. Nilipolinganisha namba za waliotolewa na misimbo ya makazi, wengi wao walitoka mitaa miwili ya mji mkongwe. Nikauliza. Nikajibiwa kwamba ndio utaratibu. Kwenye ripoti wakaitwa sampuli zisizokidhi ubora. Watu wale walikuja alfajiri bila kula, wakapanga foleni, bibi mmoja akiwa ameshikiliwa na mjukuu wake. Damu yao haikuwa na dosari. Walitolewa kwa sababu babu zao walikuwa wasafiri.

Chujio nyingine ni hivyo hivyo. Kuna moja inayotupa alama ambayo mgawanyo wake haulingani na ule unaotarajiwa watu wanapooana bila kuchagua nasaba. Jina lake ni Hardy na Weinberg, mwanahisabati wa Uingereza na daktari wa Ujerumani walioifikia kila mtu kivyake mwaka 1908. Ni kipimo kizuri cha kunasa makosa ya mashine. Lakini kwetu ndoa za mabinamu ni jambo la kawaida, na jamii zenye asili tofauti zinakaa mtaa mmoja. Yote mawili hupindisha mgawanyo huo bila mashine kukosea. Nyingine hutoa mtu mmoja katika kila jozi ya ndugu wa karibu. Kisiwani mtamaliza wangapi? Zipo njia za hesabu zinazomwacha ndugu ndani na kuuzingatia udugu wake, na zimekuwepo miaka mingi. Anayechagua kuwatupa aseme kwa nini.

Kutochuja kabisa nako si jibu. Chukueni hospitali inayopokea watu wa Mpeketoni, ambao wengi wazazi wao walihamia kutoka bara, pamoja na watu wa visiwani. Tuseme utafiti ni wa kisukari, na kwa sababu ya umbali na nauli ya boti, wagonjwa walioandikishwa wengi ni wa upande mmoja na wasio wagonjwa wengi ni wa upande wa pili. Kila alama inayotofautisha bara na visiwa itajitangaza kuwa jeni ya kisukari. Asili isiporekebishwa katika hesabu, utapata mamia ya jeni za uongo. Ukiirekebisha kupita kiasi, unaweza kuifuta ya kweli. Mchambuzi mmoja ataweka mihimili kumi ya asili (vipimo ambavyo kompyuta huvitumia kueleza nasaba ya mtu), mwingine minne, na wote wawili ni watu makini. Mimi siwaombi mchague namba. Naomba ijulikane ilikuwa namba gani, iliamuliwa lini, na matokeo yalikuwaje namba ilipobadilishwa.

Na msidhani haya ni matatizo ya maskini. Kwa miaka kadhaa wanasayansi wa Ulaya waliamini kuwa wameona ushahidi wa kijeni kwamba uteuzi wa asili uliwafanya watu wa kaskazini mwa bara lao kuwa warefu kuliko wa kusini. Mwaka 2019 makundi mawili yalirudia hesabu kwa data ya UK Biobank, hazina ya data za afya ya Uingereza, watu kama nusu milioni waliokusanywa na kupimwa kwa mpango mmoja, na ushahidi huo ukanyauka. Chanzo kikuu kilikuwa tofauti ndogondogo za asili ambazo hazikurekebishwa vya kutosha katika data iliyounganishwa kutoka tafiti nyingi. Kama wao wenye kila kitu imewatokea, sisi tusijidai.

Yapo na madogo ambayo nayataja kwa haraka. Ramani ya jenomu ina matoleo. La 2009 na la 2013 yote bado yanatumika, na alama ile ile ina anwani tofauti katika kila moja. Vinasaba huandikwa kwa herufi nne kwenye nyuzi mbili, A ikikabili T na C ikikabili G, na alama za aina ya A na T au C na G haziwezi kujulikana zimesomwa upande gani kwa kuziangalia tu, kwa hiyo mafaili mawili yakiunganishwa kizembe kinga inageuka hatari. Na jedwali la Excel! Jeni iliyoitwa SEPT2 iligeuzwa na programu hiyo kuwa tarehe 2 Septemba. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta makosa ya namna hiyo katika takriban moja ya tano ya makala za jenomu zilizoambatanisha orodha za jeni kwa Excel. Hatimaye mwaka 2020 waliopewa kazi ya kutaja jeni za binadamu waliona ni rahisi zaidi kuzibadili majina jeni zenyewe. Ilishindikana kuwabadili watu.

Kuna atakayesema nazuia sayansi. La. Hapa jirani, kaunti ya Kilifi, tuna mfano wa kazi iliyofanywa kwa subira. Aina ya damu iitwayo Dantu, inayopatikana sana Kilifi, hupunguza hatari ya malaria kali kwa kama asilimia 40. Haikupatikana kwa chujio za kawaida, kwa kuwa chimbuko lake ni vipande vya jeni vilivyorudiwa na kuunganishwa upya katika kromosomu ya 4, mahali ambapo chipu huchanganyikiwa. Mwaka 2015 watafiti waliona ishara jirani na hapo, na mwaka 2017 wakaifafanua baada ya kujenga hazina ya marejeo ya eneo hilo kwa kutumia jenomu kamili, zikiwemo mamia mapya ya Waafrika. Mwaka 2020 ikaonyeshwa inavyofanya kazi: utando wa chembe nyekundu za damu unakuwa umekazana zaidi, kimelea kinashindwa kupenya. Mtu aliyeridhika na mbinu za kawaida angepita juu yake akiendelea na safari.

Kuna pia hoja ya siri za watu, na hii ni nzito. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu data za kijeni kuwa nyeti, na ni sawa. Lakini maelekezo ya kompyuta si data ya mtu. Orodha ya vizingiti haina jina la mtu. Idadi ya waliotolewa katika kila hatua inaweza kutolewa kwa jumla, na pale jamii ni ndogo, kama Waaweer wa msitu wa Boni, takwimu zibaki mezani kwa kamati ya maadili na zisichapishwe. Mtafiti anayejificha nyuma ya sheria hii ili asionyeshe alivyochuja, mwambieni asome tena.

Gharama ya kukosea haikai maabara. Siku gazeti litakapoandika kwamba imepatikana jeni ya ugonjwa fulani kwa Wabajuni, atakayeijibu ni binti anayeposwa. Miaka miwili baadaye makala ikiondolewa, gazeti halitarudi Kizingitini kusema samahani.

Kwa hiyo, hasa ninachowaomba. NACOSTI, kibali chenu tayari kinamdai mtafiti ripoti ya mwisho. Ongezeni kiambatisho kimoja: programu zilizotumika na matoleo yake, toleo la ramani ya jenomu, hazina ya marejeo, kila kizingiti, na watu wangapi na alama ngapi zilianguka katika kila hatua, kwa wagonjwa na wasio wagonjwa kila upande peke yake. Kamati za maadili, takeni mpango wa uchakataji uwe na tarehe ya kabla data haijafunguliwa. Akibadili njia baadaye, na aghalabu atalazimika, aandike sababu. Takeni pia aonyeshe matokeo yanavyokuwa akibadili maamuzi mawili matatu yaliyo na mjadala. Uhusiano unaoonekana unapotupa alama adimu, ambazo aina yake ya nadra ni chini ya asilimia 5 ya nakala zote, na kutoweka unapotupa zilizo chini ya asilimia 1, tunataka tuujue kwa tabia yake hiyo. Mafaili ghafi ya mwanga kutoka mashine yahifadhiwe, yasifutwe baada ya herufi kupatikana, maana bila hayo hakuna wa kuyatazama mawingu upya.

Mawaziri wa kaunti, kwenu ni suala la watu. Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi na kinafundisha bioinfomatiki, yaani uchambuzi wa data za kibiolojia kwa kompyuta. Vijana wanahitimu, kisha wanaishia kuingiza fomu kwenye kompyuta kwa mkataba wa miezi mitatu. Kila mradi unaochukua sampuli Lamu au Kilifi ungelipia angalau mmoja wao arudie uchambuzi kwa kujitegemea kabla ya matokeo kuletwa barazani. Mshahara wake kwa miezi michache ni pungufu ya tiketi za ndege za mkutano mmoja.

Kwa miradi ambayo tayari ina kibali na sampuli zimo kwenye friji, ombi ni jepesi zaidi. Waandikieni. Waulizeni wametumia hazina ipi ya marejeo, wagonjwa na wasio wagonjwa walisomwa kwenye mikupuo ile ile au tofauti, na waliotolewa walitoka wapi. Siku 30 zinamtosha mtu ambaye rekodi zake zimekaa sawa.

Wenu,
Mchakataji wa data,
Langoni, Lamu.